Punguza Mzigo

Kuna watu ukiwaambia wafunge mlango, wataufunga, basi. Shangazi yake Bisibisi ukimwambia afunge mlango ataufunga, atatia komeo, atasogeza na kabati, kisha atakupigia simu kukuuliza mbona dirisha hukulitaja. Bisibisi alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mtu wa kazi za kupima, na siku ile alipaswa kupima na maneno yake. Lakini ulimi hauna mfupa.

Simu iliingia akiwa dukani, katikati ya wiki. Alikuwa ameifungua simu ya mteja mpaka utumbo, mteja mwenyewe amemwinamia begani akihema, na simu yake yeye ameibana kati ya sikio na bega. Shangazi alikuwa anaeleza jambo, na Shangazi akieleza jambo huanzia mbali.

"Nimeiwasha asubuhi ikaunguruma vizuri, nikasema haya, leo tunafanya kazi. Mara ndani ikalia ka, ka, ka, ikazima. Nikaiwasha tena. Ka, ka, ka, kimya. Sasa mwanangu, hii ni kompyuta au kuna mtu ndani anapiga hodi atoke?"

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu ulipotia ile diski mpya. Wakati mwingine inakubali kuwaka, wakati mwingine inanikatalia kabisa."

Bisibisi hakuhitaji kufikiri. Kompyuta ile ilikuwa na diski tatu za kuhifadhia, na ya nne aliifunga yeye mwenyewe wiki iliyopita, mbio mbio, bila kupima kama ile pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani, itaziweza zote.

"Pawa imezidiwa," akasema. "Punguza mzigo. Jumamosi nitakuja kuitazama."

"Nipunguze mzigo."

"Ee, punguza mzigo, itatulia."

"Basi nimeelewa," akasema Shangazi, akakata simu.

Sasa, neno mzigo lina tumbo kubwa. Kwa fundi, mzigo ni chochote kinachoning'inia kwenye umeme: taa, pasi, feni, diski. Ukimwambia fundi mwenzako apunguze mzigo, atachomoa kitu kimoja avipe vingine nafasi ya kupumua. Bisibisi alimaanisha ichomolewe ile diski mpya, hakuna zaidi. Lakini Shangazi hakuwa fundi. Alikuwa mwalimu wa lugha aliyestaafu, na katika lugha yake mzigo ni kile kinachotiwa ndani ya gunia.

Na ndani ya gunia lile mlikuwa na nini? Mlikuwa na sauti. Shangazi na kaka yake, baba mzazi wa Bisibisi, walianza zamani, wangali wanafundisha wote wawili, kusoma vitabu vya shule kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya watoto wasioona. Chumba cha stoo nyumbani kwa Shangazi walikigeuza studio. Kutani walipigilia magodoro yaliyochoka ili sauti isirudi, mlangoni wakatundika blanketi, katikati meza, maiki na viti viwili. Shangazi alisoma lugha na hadithi. Kaka yake alisoma sayansi na hesabu, kwa sauti nzito isiyo na haraka. Kila baada ya muda dereva wa shule ya wasioona alipita kuchukua vilivyokamilika. Huyo dereva alikuwa na mzaha wake mmoja usiozeeka, kila akimkuta Bisibisi pale humsalimu, "Bisibisi ya miguu miwili haijambo?" Bisibisi alimwona mtu asiye na adabu.

Jina lenyewe alipewa na baba yake, maana alikuwa mtoto asiyeweza kuona skrubu akaiacha mahali pake.

Baba alifariki, sasa ni mwaka wa pili, na kiti chake kikabaki kitupu. Mtaala nao ukabadilika. Vitabu vipya vya sayansi vikaletwa, vikapangwa mezani mbele ya kiti kile, vikakaa. Mara ngapi Shangazi amemwambia, "Wewe una sauti ya baba yako, njoo usome." Bisibisi akawa na mafua. Akawa na wateja. Akawa na mafua tena. Ukweli ni kwamba hakuweza kukalia kile kiti, wala hakuwahi kufungua hata rekodi moja tangu msiba. Alijifariji kwa kujua kwamba zipo. Siku moyo ukiwa tayari atasikiliza, kwani zinakwenda wapi?

Nakala ya pili haikuwapo. Fundi huyu huyu anayewagombeza wateja mchana kutwa kwa kutokuweka nakala, vya kwao alikuwa hajaviwekea. Mganga hajigangi. Ile diski ya nne ndiyo hasa aliyoileta aanze kunakili, na ndiyo iliyoleta balaa.

Jumamosi akafika na mkoba wake wa vifaa. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita." Shangazi alimwongoza mpaka studio, macho yamevimba, lakini kidevu kiko juu, kidevu cha mtu aliyemaliza kazi ngumu. "Nimepunguza."

"Vizuri. Umechomoa ipi?"

"Kuchomoa nini?"

"Diski, shangazi. Umechomoa diski ipi?"

"Sijachomoa kitu mimi, unataka nife na umeme? Nimefuta." Akavuta kiti akakaa. "Ikikubali kuwaka tu, nafuta chapuchapu kabla haijazima. Nilianza na za kwangu. Nilisema hadithi naweza kuzisoma upya, mdomo ninao. Nikafuta, nikawasha, ka ka ka. Nikafuta mashairi. Ka ka ka. Nikasema kumbe mzigo bado ni mkubwa. Siku mbili, mwanangu, sikwenda hata sokoni. Mpaka nikafika kwenye za kaka."

Bisibisi alikuwa ameshika bisibisi mkononi. Akaiweka mezani polepole.

"Shule ilishasema vitabu vile vya zamani haivitumii tena," Shangazi aliendelea, na kidevu sasa kilikuwa kinashuka. "Nikasema kaka atanisamehe, afadhali mzigo upungue mashine ipone. Nimelia, sikufichi. Lakini nimefuta."

"Zote?"

"Zote. Na lile pipa la taka nimelimwaga. Takataka ukiiacha kwenye pipa si bado iko ndani ya nyumba?"

Bisibisi alitaka kupiga kelele. Alitaka kumuuliza mama huyu ni akili gani ya kufuta siku mbili bila kuuliza hata mara moja. Kisha akajisikia mwenyewe, simu begani, akisema punguza mzigo, itatulia. Angemlaumu nani? Mzee wa watu alitumwa, akatumika.

"Shangazi," akasema, "ubao wa darasani ukiandikwa mpaka ukajaa, unakuwa mzito zaidi?"

"Hauwi. Chaki ina uzito gani?"

"Basi diski nayo ni hivyo. Iliyojaa na iliyo tupu zinakula umeme ule ule. Nilimaanisha uchomoe diski moja. Nilisema vibaya. Kosa ni langu."

Shangazi aliupima huo mfano, na mtu akimaliza kufundisha miaka yote ile hawezi kukosa kuelewa mfano wa ubao. Akaziba mdomo kwa kiganja. Alipokitoa alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nimemfuta kaka bure."

Hapo Bisibisi alilia. Hakulia sana, ila alilia, na Shangazi akalia, na chumba kile chenye magodoro kutani kikaimeza sauti yao yote, ndiyo kazi yake. Wakamaliza wakapangusa nyuso kwa upande mmoja mmoja wa khanga ya Shangazi.

"Nikuulize," Bisibisi akasema akivuta kamasi. "Tangu ufute, umerekodi chochote?"

"Nirekodi na nini, na mashine inanizimikia?"

"Hujatia kitu? Hata picha?"

"Hata picha."

Bisibisi akainuka. "Basi usikate tamaa. Ukifuta kitu humo, hukivunji. Unakuwa umebandua namba ya mlangoni tu. Nyumba ipo na watu wamo ndani, mpaka aje mwingine ajenge juu yao. Na wewe hukujenga kitu. Ninayo programu ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kugonga milango."

Shangazi akamtazama kama anayeogopa kuamini. "Kaka yumo?"

"Sijui. Huenda yumo."

Lakini huenda ile ilikuwa na mlima wake. Zile diski tatu Bisibisi alizifunga pamoja zikawa ghala moja, hivyo hazisomeki isipokuwa zinazunguka zote kwa wakati mmoja. Na kinachookolewa hakiwezi kurudishwa humo humo, kitawafukia wengine. Lazima kiende kwenye diski ya nne. Ikawa wanahitaji ule ule mzigo ulioishinda pawa, na safari hii kwa saa nyingi bila kukatika. Umeme ukishuka diski inababaika, ndiyo ile ka, ka, ka. Ikibabaika katikati ya kazi hii, inaweza kufa kweli, na hapo hata namba za milangoni hazitasaidia.

"Zipeleke dukani kwako," Shangazi alisema.

"Dukani nina laptopu na simu. Hakuna yenye matundu ya diski zote hizi."

"Nunua pawa kubwa."

"Kubwa kwa stika, au kubwa kweli?" Bisibisi alifungua ubavu wa kompyuta, akalegeza skrubu nne, akakitoa kile kiboksi na waya zake zote akamwekea Shangazi mikononi. "Ishike. Unaionaje?"

"Nyepesi."

"Stika inasema wati mia tano, imeandikwa kwa herufi za kujidai. Sasa soma hapa chini kwa herufi za aibu, kwenye volti kumi na mbili, ndizo zinazozungusha diski." Akazidisha kichwani volti kwa ampia, akapata nusu ya majigambo. "Sisi mafundi kabla ya kusoma stika tunaipima kwa mkono. Pawa ya kweli ina shaba na chuma ndani, inakuvuta kiganja. Katika ukoo huu, mzito ndiye mkweli. Na zilizojaa madukani ni ndugu wa hii. Ya kweli inaagizwa, inachukua wiki kadhaa."

"Basi tuagize tungoje."

"Tunaweza kungoja," Bisibisi alikubali, na alisema kwa dhati, maana kompyuta iliyozimwa haipotezi kitu.

Shangazi aliitazama mashine iliyofunguliwa ubavu. "Wiki kadhaa nipite mlangoni hapa kila siku nikijua nimefanya nini? Mimi sitaweza, mwanangu. Nisikudanganye."

Bisibisi naye hakuweza, ila yeye hakusema. "Basi tuipime kwanza. Ikishindwa, tutangoja wote, nitahamia hapa tulie pamoja. Ikiweza, tunaanza leo."

Akaenda dukani akarudi na mfuko unaogongana. Akavimwaga mezani vyuma vinne vya mraba, vichafu, kimoja kina alama ya kiatu. Zilikuwa diski mbovu alizotoa kwenye kompyuta za wateja, hazisomi wala haziandiki, lakini zikipata umeme bado zinazunguka.

"Umeniletea maiti nyumbani," Shangazi alisema.

"Maiti wanaotembea. Hawa wakifa tena hakuna msiba."

Diski za kweli akazichomoa moja moja, Shangazi akazipokea na kuzilaza kitandani kwake juu ya taulo, akafunga mlango wa chumba, na bila shaka akatia komeo.

Bisibisi alirudisha pawa mahali pake. Ncha nyeusi ya mita ya kupimia volti akaichomeka penye waya mweusi, nyekundu penye waya wa njano, akawasha bila diski yoyote. Mita ikasema kumi na mbili na chembe juu.

"Si hiyo hapo," Shangazi alisema kwa furaha. "Inaweza."

"Bila mzigo kila mtu hodari, shangazi. Ngoja tumtwishe."

Akafunga wale maiti wote wanne, akampa Shangazi mita aishike. "Soma namba kwa sauti. Isishuke chini ya kumi na moja na nusu."

Akawasha. Diski zilianza kunguruma. "Kumi na mbili," Shangazi alisoma kwa sauti ile ile ya darasani. "Kumi na moja na nusu. Kumi na moja. Kumi na… imezima."

Ka, ka, ka, kisha kimya. Shangazi alirudisha mita kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa mtihani.

"Usikunje uso, tumejua kitu," Bisibisi alisema. "Umewahi kusukuma gari lililozimika? Kazi iko pale mwanzo, kuling'oa. Likishaanza kwenda hata mtoto analisukuma. Diski nazo zinavuta umeme mwingi zinapoanza, zikishazunguka hazina njaa tena. Hapa zinaanza zote nne kwa pamoja, na pawa haiwezi kuzing'oa zote. Sasa tutazame ni nani mwingine anakula kwenye sahani hii."

Akainama na tochi. Kwanza akaona waya mmoja wa kugawa, una vichwa viwili, ambao yeye mwenyewe aliufunga ile siku ya mbio mbio. Plastiki yake ilikuwa imepiga rangi ya kahawia. Diski mbili zilikuwa zinanyonya kwenye waya ule mwembamba. Alisonya, akajisonya mwenyewe, akaung'oa na kuipa kila diski waya wake utokao moja kwa moja kwenye pawa.

Kisha tochi ikapanda juu kidogo. Kompyuta hii kabla ya kuja kwa Shangazi ilikuwa ya mdogo wake Bisibisi, kijana wa kucheza gemu, aliyeiacha alipokwenda kufanya kazi mbali. Na katikati yake alikuwa amekaa mgeni wa kijana yule, kadi nene ya picha yenye feni mbili na taa za buluu, kadi ya kuonyesha magari yakikimbizana na watu wakipigana mabomu. Miaka yote hii ilikuwa imekaa pale ikinywa umeme kuliko diski zote, ili mwalimu mstaafu aone orodha ya mafaili.

"Huyu hapa," Bisibisi alisema.

"Hilo usiliguse," Shangazi alisema. "Si ndilo moyo wake? Linawaka taa."

"Hilo ni pambo, shangazi. Moyo uko kule, hauna taa hata moja. Umemlisha mgeni miaka yote na watoto wa nyumbani wanalala njaa."

Shangazi hakushawishika mpaka alipoonyeshwa tundu jingine la waya wa skrini nyuma ya mashine, limefunikwa vumbi. Bisibisi akaing'oa kadi, akahamisha waya wa skrini, akamrudishia Shangazi mita.

"Soma."

"Kumi na mbili." Maiti wanne wakaanza kunguruma. "Kumi na moja na… pointi nane. Pointi saba. Pointi saba. Bado pointi saba." Akaisogeza mita karibu na pua. "Inapanda. Kumi na mbili. Mwanangu, imerudi kumi na mbili."

"Mara moja si ushahidi," Bisibisi alisema. Akaizima, akaiwasha. Akaizima, akaiwasha, mpaka Shangazi akauliza kama wanaipima au wanaikomoa. Kisha wakaiacha ikizunguka wakaenda kunywa chai, wakarudi, Bisibisi akashika ubavu wa pawa kwa kiganja jinsi mama anavyopima homa. Ilikuwa na joto la kawaida. Namba ilikuwa pale pale.

"Walete," akasema.

Shangazi alizileta diski za kweli juu ya taulo lake, anatembea taratibu, blanketi la mlangoni amelisukuma kwa kichwa. Bisibisi akazifunga. Kabla ya kubonyeza aliweka kidole tu, akakaa hivyo.

"Bonyeza," Shangazi alisema. "Tumepima."

Akabonyeza. Zikanguruma zote nne, zikapanda sauti pamoja, na ile ka, ka, ka haikuja. Walingoja ije. Haikuja.

Programu ilianza kazi yake polepole, alasiri nzima, mstari wa kijani unasogea kwa kujivuta. Shangazi alikataa kuondoka. Alipika huku akija kuchungulia kila dakika, akiuliza, "Amefika mlango wa nani sasa?" na Bisibisi akimjibu hajui, kwa sababu majina ndiyo yaliyopotea. Kilichokuwa kinaangukia kwenye diski ya nne ni namba tupu, faili moja baada ya jingine, hujui nani ni nani mpaka umfungue.

Yalipokusanyika ya kutosha, Shangazi alikaa kwenye kiti chake, Bisibisi akabaki amesimama, wakafungua la kwanza. Likatoa mvumo mtupu. La pili likatoa Shangazi mwenyewe, nusu shairi, likakatika. "Sauti hiyo nilikuwa na mafua," Shangazi alisema, kusema kitu tu. La tatu halikufunguka kabisa. La nne Bisibisi akalibonyeza bila kutazama.

Kurasa zikapinduliwa. Mtu akasafisha koo.

"Sura ya sita," ilisema sauti nzito isiyo na haraka. "Mashine sahili. Mashine sahili ni kifaa kinachorahisisha kazi. Mifano ya mashine sahili ni wenzo, roda, kabari na bisibisi." Sauti ikasita. Kikasikika kicheko kikizuiwa puani. "Bisibisi ninayo moja nyumbani kwangu, ina miguu miwili. Jana imenifungulia redio, ikanirudishia na skrubu tatu za ziada. Redio inaimba vizuri kuliko zamani. Siku moja mtaisikia na hiyo bisibisi ikiwasomea, ina sauti kuliko mimi."

"Kaka," ilisema sauti ya Shangazi kwenye rekodi, changa zaidi, "hiyo haimo kitabuni."

"Iache. Itawachekesha."

Na sura ya sita ikaendelea.

Bisibisi alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Aliiona redio ile akilini. Alikumbuka kuchapwa kidogo na mama kwa ajili yake. Baba hakusema neno, na kumbe kesho yake alikuja hapa akaisimulia kwa watoto wote wasioona.

"Hukuikata," akasema.

"Aliniambia niiache," Shangazi alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. "Watoto wa shule ile wote wanakujua wewe. Wamekua, wameoa, bado wanauliza habari zako. Yule dereva wetu anayewaendesha unadhani yale ya miguu miwili alikuwa anayatoa wapi?"

Bisibisi alimkumbuka yule dereva na nyuso zote alizomkunjia, akaona aibu, kisha akacheka mpaka akakosa pumzi.

Si yote yaliyopona, msidanganyike. Hesabu ya darasa la tano haikurudi, na mashairi mengi ya Shangazi yalirudi vipande. Lakini sayansi ilirudi sehemu kubwa, faili kwa faili, na kila lililofunguka Shangazi alilipa jina lake upya kwa vidole viwili, akisema jina hilo kwa sauti. Pawa nzito iliagizwa siku ile ile, na diski nyingine ya nakala ya pili, maana fundi sasa alikuwa amejiganga.

Jua likiwa bado dirishani, mstari wa kijani ukiendelea kujivuta, Bisibisi alizunguka meza. Alikishika kile kiti cha baba mgongoni, akakivuta, akakaa. Kilikuwa kiti tu, mguu mmoja unacheza kidogo.

"Diski hizi leo hatuzigusi," akasema. "Lakini simu yangu inarekodi."

Shangazi alimtazama. "Na mafua?"

"Yamepona."

Shangazi alinyanyua lile rundo la vitabu vipya vya sayansi, akalipuliza vumbi, akalishusha mbele ya Bisibisi kwa kishindo.

"Haya," akasema. "Punguza mzigo."

Bisibisi akafungua kitabu cha juu, ukurasa wa kwanza, akasafisha koo.